Kazi ya Kupanga Mabehewa: Historia Fupi ya Reli Ndogo

Mhariri wa jarida letu aliponiomba makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, nadhani alitazamia habari za mabweni ya zamani, au za timu ya mpira. Hayo yamekwisha kuandikwa na wenzangu wenye kumbukumbu njema kuliko yangu. Mimi naomba ruhusa ya wasomaji, wahitimu wenzangu pamoja na ninyi wanafunzi mlio madarasani hivi sasa, nieleze historia ya jambo ambalo wengi wataliona kuwa ni mchezo tu. Nalo ni kazi ya kupanga mabehewa ya mizigo katika reli ndogo, zile reli za mfano zinazojengwa na watu wazima katika vyumba vya nyumba zao, hasa huko Marekani na Uingereza.

Wenzangu wa darasa wanajua kwamba nilipotoka shuleni niliajiriwa kuwa karani wa mizigo pale Tabora, mahali ambapo reli itokayo Dar es Salaam hugawanyika, moja ikaenda Kigoma na nyingine Mwanza. Baada ya miaka kadhaa nilikwenda Marekani kwa masomo, na huko jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, alinikaribisha katika chumba cha chini ya nyumba yake. Nilikuta reli nzima imejengwa juu ya meza, ina miji, madaraja, viwanda na yadi. Nilishiriki kazi ya reli ile kila juma kwa muda wa miaka mitatu. Kwa hiyo nitakayoyasema juu ya kazi yenyewe nimeyafanya kwa mikono yangu, na yale ya historia nimeyasoma baadaye kwa kutaka kujua yametoka wapi.

Vidole vya watu

Historia hii haianzi na mchezo. Huanzia katika yadi za reli kubwa za Marekani, karne ya 19, ambako mabehewa yaliunganishwa kwa pete ya chuma na pini. Mfanyakazi alilazimika kusimama katikati ya mabehewa mawili, moja likiwa linamjia, aiongoze pete kwa mkono iingie mahali pake, kisha atie pini. Akichelewa kidogo, vidole vilikatika. Akiteleza, ulikuwa mwisho wake. Inasemekana kwamba katika siku zile mwajiri aliweza kumtambua mtu mwenye uzoefu wa kazi hiyo kwa kutazama vidole vilivyopungua.

Mwaka 1873 Eli Janney, mtu wa Virginia aliyekuwa karani wa duka, alipata hati ya uvumbuzi wa kiungio kinachojifunga chenyewe. Umbo lake ni kama vidole vya mikono miwili vilivyokunjwa na kushikana. Mabehewa yakigongana polepole hufungana, wala hapana haja ya mtu kusimama katikati. Lakini uvumbuzi peke yake haukutosha, kwani makampuni hayakupenda gharama ya kubadili viungio vya mabehewa yote. Mkulima mmoja wa Iowa, Lorenzo Coffin, ambaye alikuwa ameshuhudia kwa macho yake mfanyakazi akikatwa vidole, alitumia miaka mingi kuzunguka, kuhutubia na kuandika barua, mpaka Bunge la Marekani likapitisha sheria. Rais Benjamin Harrison aliitia sahihi mwezi wa Machi, 1893. Sheria hiyo ilidai viungio vya kujifunga na breki za hewa, na makampuni yalipewa muda hadi mwaka 1900 kuitekeleza kikamilifu.

Nimetanguliza habari hii kwa sababu ndiyo iliyo nyuma ya mchezo wote. Katika reli ndogo ya yule jirani yangu kulikuwa na amri moja iliyowekwa juu ya nyingine zote: mkono usiguse behewa. Viungio vyake vilikuwa mfano wa kile cha Janney, vidogo kuliko punje ya mahindi, navyo vilifunguka kwa sumaku iliyofichwa chini ya reli. Viungio vya aina hiyo vilienea kwa kazi ya ndugu wawili pacha wa jimbo la Oregon, Keith na Dale Edwards, ambao kampuni yao inaitwa Kadee. Mgeni akinyosha mkono kulisukuma behewa, mzee alikuwa akimwambia bila ukali, “Hapo umekwisha poteza vidole.”

Toka mchezo hadi kazi

Reli za kuchezea watoto ni za zamani, lakini reli za mfano zilizo sahihi kwa vipimo ni jambo la karne ya 20. Mwezi wa Januari 1934 A. C. Kalmbach alianza kuchapisha gazeti la Model Railroader huko Milwaukee, na mwaka uliofuata, 1935, katika mji huohuo kikaundwa chama cha taifa cha wajenzi wa reli ndogo. Kazi ya kwanza ya chama ilikuwa kuafikiana juu ya vipimo, ili gurudumu lililotengenezwa na mtu mmoja lipite juu ya reli iliyotengenezwa na mwingine. Kipimo kilichoenea zaidi ni kile kiitwacho HO, ambacho Marekani huhesabiwa kuwa sehemu 1 ya 87. Wanafunzi wanaweza kupiga hesabu wenyewe: reli kubwa ya Marekani ina upana wa milimita 1,435; ukigawa kwa 87 utapata milimita 16.5. Behewa lenye urefu wa futi 40 hubaki na urefu wa sentimita 14 hivi.

Kwa muda mrefu, mtu aliyejenga reli ndogo aliridhika kuitazama treni ikizunguka. Mzunguko wa kwanza hupendeza, wa kumi huchosha. Aliyewafumbua watu macho ni Frank Ellison wa New Orleans, mwenye reli aliyoiita Delta Lines. Ellison alikuwa amewahi kufanya kazi katika maonyesho ya jukwaani, na mwaka 1944 aliandika mfululizo wa makala katika Model Railroader akifananisha reli ndogo na tamthilia. Miji na milima ni jukwaa, treni ni waigizaji, na ratiba ndiyo masimulizi yenyewe. Kwa maneno mengine, treni isiwe na mwendo tu, bali iwe na sababu ya kwenda. Behewa liwe limebeba kitu, kutoka kwa mtu fulani, kwenda kwa mtu fulani.

Sababu hiyo ikapatiwa makaratasi yake mwaka 1961, pale Doug Smith alipoeleza katika gazeti hilohilo mpango wa kadi na hati za mizigo. Kila behewa lina kadi yake yenye namba. Kadi ina mfuko, na ndani ya mfuko hutiwa hati ndogo inayosema mzigo ni nini na unakwenda kiwanda gani. Behewa likishafika na kupakuliwa, hati hutolewa au hugeuzwa, nalo likapata safari nyingine. Niliyewahi kuandika hati za pamba na karanga nilipoziona zile kadi nilicheka, maana ilikuwa kazi yangu ya Tabora imepunguzwa mara 87.

Jinsi kazi inavyofanywa

Sasa niieleze kazi yenyewe, kwani wengi hudhani ni kubonyeza vitufe tu. Unapewa injini moja, mabehewa matano au sita, behewa la gadi nyuma, na kadi zake mkononi. Mbele yako pana mji wenye njia kuu moja, njia ya kupishania, na njia za pembeni ziendazo kwenye kinu cha unga, kwa mfanyabiashara wa mbao na kwenye ghala la mafuta. Unatakiwa kuacha mabehewa yaliyojaa, kuchukua matupu, na kuondoka kabla treni ya abiria haijafika. Ukutani pana saa iendayo mbio mara nne au mara sita kuliko saa ya kawaida, kwa hiyo kwa ile ya mara sita dakika kumi zako ni saa nzima ya mji ule.

Mtu mwenye busara haanzi kwa kuwasha injini. Husimama, hutazama kadi, na kufikiri. Tuchukue kinu cha unga, ambacho njia yake ya pembeni huachana na njia kuu kwa kuelekea nyuma, yaani treni huipita kwanza kisha huirudia kinyumenyume. Behewa la ngano lililojaa liko karibu na injini, na kinuni kuna behewa tupu linalongoja. Unakata treni nyuma ya behewa la ngano, unaacha mengine juu ya njia kuu yakiwa yamefungwa breki. Unasonga mbele na behewa lako mpaka upite pointi, yaani pale reli zinapogawanyika. Unageuza pointi, unarudi nyuma kuingia kinuni, behewa lako linafungana na lile tupu. Unatoka na yote mawili. Unarudi nyuma tena juu ya njia kuu mpaka behewa tupu lifungane na treni iliyosimama, unalikatia hapo, kisha unasonga mbele na lile la ngano peke yake na kulisukuma kinuni. Ukirudi kwenye treni, lile tupu limekwisha kuwa mahali pake. Hapakuwa na safari ya bure hata moja.

Ghala la mafuta ni jambo jingine. Njia yake huachana na njia kuu kwa kuelekea mbele, na injini iliyo mbele ya behewa haiwezi kulisukuma huko. Hapo ndipo njia ya kupishania hufanya kazi. Unaliacha behewa juu ya njia moja, injini inazunguka kwa njia ya pili, inalijia kwa nyuma na kulisukuma mbele mpaka ghalani. Maneno ni machache, lakini nafasi ni finyu: kama umeacha mabehewa mengine mahali pasipofaa, injini haina pa kupitia, nawe umejifungia mlango. Zaidi ya hayo, zipo kanuni zilizoigwa kutoka reli kubwa. Kwa mfano, behewa la mafuta lisikae jirani na injini, urefu wa treni ukiruhusu.

Nimeona wasomi wa hesabu wakishindwa na mji wenye njia tatu, na nimeona kijana wa miaka kumi na miwili akiumaliza kwa utulivu. Yule kijana hakuwa na akili kuwapita. Yeye alijiuliza kila mara swali moja kabla ya kusogeza kitu: “Nikishaliweka hapa, nitalitoaje?”

Mtu wa Monterey

Katika historia hii hapana jina kubwa kuliko la John Allen. Alizaliwa mwaka 1913, akawa mpiga picha kwa kazi yake, na afya yake ilidhoofishwa na maradhi ya moyo tangu ujana. Huko Monterey, California, alijenga reli iliyoitwa Gorre & Daphetid, jina ambalo likitamkwa kwa Kiingereza ni mzaha, kama kusema reli iliyojaa damu na kushindwa. Sura yake ya mwisho aliianza mwaka 1954 katika chumba cha chini ya nyumba yake. Milima ilitoka sakafuni hadi darini, madaraja yalivuka mabonde marefu, na picha alizozipiga zilisafiri dunia nzima kwa magazeti. Pia alikuwa mtu wa mzaha: injini yake namba 13 ilikuwa mjusi mkubwa wa kale, wa aina zilizokwisha toweka duniani, ambaye alimwita Emma, naye alionyeshwa akivuta mabehewa yadini.

Lakini rafiki zake hawakuja kutazama milima tu. Walikuja kufanya kazi, kila mtu na zamu yake, kwa ratiba na kwa amri. Na Allen huyohuyo alibuni kitu kidogo sana kuliko reli yake, ubao mmoja wenye pointi tano na njia chache fupi, akauita Timesaver. Wachezaji hupewa mabehewa machache na mahali pa kuyapeleka, na anayemaliza kwa muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Maelezo yake yalichapishwa katika Model Railroader mwezi wa Novemba 1972.

Miezi miwili baadaye, Januari 6, 1973, John Allen alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Siku chache baada ya kifo chake nyumba ilishika moto, na reli ile ikateketea, kazi ya maisha yake yote. Milima iliyowastaajabisha watu wa nchi nyingi haikuonekana tena isipokuwa katika picha, na katika kitabu ambacho Linn Westcott alikitayarisha, kikatoka mwaka 1981.

Wahitimu wenzangu, nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Kitu kikubwa cha Allen kilikuwa chake peke yake, nacho kiliungua. Kitu chake kidogo kilikuwa na kanuni ambazo mtu yeyote aliweza kuzifuata, nacho kinachezwa hata leo na watu ambao hawakuzaliwa alipokufa. Majengo ya shule yetu nayo yamezeeka, mengine yamebomolewa, na kila mkutano tunasikitika. Tusikitike, lakini tusisahau kwamba mwalimu aliyetufundisha kupanga kazi kabla ya kuianza alituachia kitu ambacho hakitegemei paa.

Njia tatu za Alan Wright

Uingereza nao walikuwa na fumbo lao, nalo ndilo ninalowapendekezea wanafunzi. Alan Wright alilibuni kwa kufuata njia za pembeni za Kilham, katika tawi la reli kati ya Alnwick na Cornhill, kaskazini mwa Uingereza, akaliita Inglenook Sidings. Kuna njia tatu zinazokutana kwa pointi mbili. Ya kwanza huchukua mabehewa 5, ya pili 3, na ya tatu 3. Mbele yake kuna kipande cha reli kinachotosha injini na mabehewa 3 tu. Mabehewa yote ni 8. Unachanganya kadi, unatoa 5 bila kutazama, na unatakiwa kuunda treni ya mabehewa hayo 5, kwa mpangilio uleule wa kadi, katika njia ndefu.

Walio kidato cha juu wahesabu: behewa la kwanza laweza kuwa lolote katika 8, la pili katika 7, kisha 6, kisha 5, kisha 4. Zidisha, utapata treni 6,720 zilizo tofauti, kwa njia tatu fupi na mabehewa manane. Ugumu umo katika nafasi. Njia zote huchukua 11, mabehewa ni 8, kwa hiyo nafasi tupu ni 3 tu, na injini haiwezi kuvuta zaidi ya 3 kwa mara moja. Hakuna haja ya umeme wala ya fedha. Chukueni viberiti vinane viandikwe namba, na kimoja cha rangi kiwe injini, mchore njia kwa chaki juu ya meza. Kanuni ni kwamba kiberiti hakirukwi wala hakiinuliwi.

Asidharau mtu michezo ya namna hii. Katika chuo cha MIT huko Marekani klabu ya wanafunzi ya reli ndogo iliundwa mwaka 1946. Waliotengeneza mitambo yake ya kuongoza treni kwa vifaa vya simu walikuwa miongoni mwa vijana wa kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1950, kukesha usiku wakijifunza kompyuta za chuo kile. Mwanachama wake mmoja, Steve Russell, pamoja na wenzake walitunga mwaka 1962 mchezo wa kompyuta uitwao Spacewar. Waliozoea kujiuliza kila pointi imeelekea wapi hawakuona ugeni katika mashine isiyojua ila kufunguka na kufunga.

Tangu miaka ya 1990 injini nyingi za reli ndogo zimekuwa zikiongozwa kwa ishara za kidijitali, kila moja ikiwa na namba yake, hata injini mbili zaweza kwenda mwendo tofauti juu ya reli moja. Vifaa vimebadilika sana kuliko vile vya jirani yangu. Kazi haikubadilika: behewa la nyuma haliwezi kupita la mbele, nafasi iliyojaa haipokei, na aliye haraka hurudia mara mbili.

Nimeongea na katibu wa umoja wetu, naye amekubali kwamba siku ya mkutano patakuwa na meza moja ukumbini yenye njia tatu za chaki na viberiti vinane. Nitakuwapo na saa. Upande mmoja wakae wahitimu, upande wa pili wanafunzi. Sitasema nani nadhani atashinda, ila wahitimu wenzangu waanze mazoezi mapema.